Hapana Niliyokubebesha

Hjulsta, Jumamosi jioni

Nadine, mwanangu mpenzi,

Mambo ya soksi nzito, dawa ya kikohozi na jinsi ya kufunga dagaa wa Kigoma wasinuke kwenye behewa zima, mama yako ameshakuambia, na kesho mlangoni atakuambia tena. Mimi huko sigusi. Wewe umekwenda Sundbyberg kuwaaga rafiki zako, mama yako yuko chumbani kwako, amekaa kitandani katikati ya maboksi, nami niko mezani jikoni, kwenye kile kiti cha dirishani. Kutoka hapa naliona gari letu la bluu kule chini. Leo asubuhi nililiosha, nikalipangusa mpaka kwenye kingo za milango, halafu nikapanda juu nikakuuliza kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi ndani ya lifti: "Kesho nikupeleke mwenyewe mpaka chuoni Umeå?"

Ulikuwa unakunja nguo. Ukasema, "Nej, pappa. Jag tar tåget." Hapana baba, unapanda treni. Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayeulizwa kama anataka sukari kwenye chai.

Nikasema sawa, nikashuka tena, nikajifanya nimesahau kitu kwenye buti. Nilikaa ndani ya gari, mtu mzima na kipara changu, nikalia mpaka jirani wa ghorofa ya pili akaja kugonga kioo akauliza kama betri imekufa. Nikamjibu ndiyo, betri. Unaona? Uongo bado unanijia haraka. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kwa kalamu angalau naweza kusimama kabla sijaendelea.

Nimeandika kwa Kiswahili. Najua utasoma polepole, midomo ikicheza, kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya bibi yako. Kiswidi changu siku hizi kinatosha kuandika barua, asikudanganye mtu. Lakini kosa lenyewe nililifanya kwa Kiswahili, na sitaki kulikimbilia kwenye lugha nyingine.

Nataka kuzungumza juu ya siku ile ya Norwe. Ulikuwepo, unaijua. Ila hatujawahi kuitaja mimi na wewe, na kuna kipande chake ninachokijua mimi peke yangu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Bosco, rafiki yangu niliyekua naye kambini Kasulu, alikuwa anamposea mdogo wake binti wa Kirundi aliyekuwa akiishi Oslo, akaniomba niwe mshenga. Mama yako alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee anaowatunza, hakuweza kuja. Wewe ulinisumbua wiki nzima twende wote, kwa sababu mke wa Bosco alikuwa amekuazima imvutano, lile vazi la sherehe la wanawake wa kwetu Burundi, la rangi ya zambarau. Ulikuwa ukijaribu kulifunga begani mbele ya kioo cha bafuni, linateleza, unacheka, unalifunga tena. Nilishindwa kukukatalia.

Kule Oslo walikodi ukumbi wa kanisa. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukuelewa yote yaliyokuwa yakiendelea, kwa hiyo nikueleze. Mshenga anasema kwa niaba ya mtu mwingine. Bwana harusi anakaa kimya kama maji ya mtungi, na mshenga ndiye anayeyabeba maneno yake, anatukanwa kwa utani kwa niaba yake, anaomba radhi kwa niaba yake. Na kila jambo likikubaliwa, wakwe wanasogeza chungu cha pombe ya mtama, mirija imesimama ndani, na mshenga anainama. Akikataa kuinama, posa imeharibika, hata kama ana sababu nzuri namna gani. Shangazi wa binti walikuwa wameipika pombe ile wenyewe, katika jiko la umeme, kwenye nchi ya theluji. Nani angewakatalia?

Nilisema vizuri siku ile, mwanangu. Na nilikunywa vizuri.

Tulipokuwa tunakwenda kulala ulinishika mkono ukasema, "Baba, leo ulikuwa kama mfalme." Kwa Kiswahili. Nakumbuka kwa sababu ni moja ya sentensi za mwisho ndefu ulizoniambia kwa Kiswahili, nami sikujua kwamba ni za mwisho. Nilikuambia nenda kapige mswaki.

Asubuhi nilioga, nikanywa chai, nikala mkate na mayai. Nilijihisi mzima kabisa. Kwetu mtu aliyelala akaamka akaoga, pombe imekwisha; hatukujua kuhesabu namna nyingine. Bosco alikaa mbele pembeni yangu, wewe nyuma, imvutano umeikunja mapajani kwa sababu hukutaka ipate mikunjo ndani ya begi. Tulikuwa tunaimba. Tulipokaribia mpaka, askari wa barabarani wakatupungia mkono tusimame.

Yule askari kijana aliinama dirishani akasema jambo kwa Kinorwe. Wewe ulikuwa umesoma shule huku tangu chekechea, Kinorwe kwako kilikuwa Kiswidi cha kuimbaimba tu. Ukasogeza kichwa kati ya viti vyetu ukatafsiri, kama ulivyozoea kututafsiria kwa daktari, benki, ofisi ya nyumba, kila mahali. Ulikuwa mkalimani wetu tangu ukiwa na miaka saba. Tulijivunia hilo mbele ya watu, jamani, utadhani tumekulipia masomo.

"Anauliza kama umekunywa pombe, baba."

"Mwambie sijanywa."

Ukanitazama kwenye kioo. "Lakini jana..."

"Mwambie sijanywa, Nadine!"

Ukageuka kwa askari. Sauti yako ilitoka ndogo. "Nej. Han har inte druckit."

Yule kijana hakunitazama mimi. Alikutazama wewe, kwa muda, na usoni pake nikaona kwamba ameelewa kila kitu na anakuonea huruma. Kisha akaleta kile kifaa cha kupuliza. Nikapuliza. Wewe bado kichwa chako kilikuwa hapo kati ya viti, karibu na bega langu, ukingoja kutafsiri jibu. Halikuhitaji kutafsiriwa.

Yaliyofuata unayajua. Kituoni wakanitoa damu, wakaichukua leseni yangu. Yule askari mwanamke akakupa juisi ya boksi ya tufaha. Bosco hakuwa na leseni, kwa hiyo gari tuliliacha kule, tukapanda basi kurudi Stockholm, na njia nzima uliishika ile juisi mikononi bila kuifungua. Ilikaa kwenye friji yetu miezi mingi. Mama yako alitaka kuitupa, nikamwambia aiache, na sikumwambia kwa nini.

Ndani ya basi Bosco alinifariji. "Bwana wee, usijiue. Norwe ni Norwe, Swideni ni Swideni. Wao wamekunyang'anya kwao. Kwako wewe bado dereva." Nikamwamini, kwa sababu maneno yake yalinifaa. Nilikimbia nchi yangu mtoto, mwanangu. Nimekua nikiamini kwamba ukivuka mpaka, yaliyo nyuma hayakufuati. Ndiyo akili ya mkimbizi. Kumbe nchi hizi za huku zinaambiana. Nilirudi kwenye kazi yangu ya kusambaza mikate kwa gari kana kwamba hakuna lililotokea, nikaendesha bila leseni mfukoni, na hazikupita wiki nyingi Swideni nayo ikanifutia. Wakanieleza kwamba muda wa adhabu ukiisha sitarudishiwa tu, nitaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kugusa usukani. Pale kwenye mikate wakaniaga siku hiyohiyo.

Mama yako nilimwambia hapahapa mezani. Nilimwambia nilikutwa na pombe, nikamwambia na leseni imekwenda, nikajilaumu kwa sauti kubwa, hata nikapiga meza. Wewe ulikuwa umekaa pale, kwenye kiti kilicho karibu na jiko. Nilisimulia yote isipokuwa wewe. Kwenye hadithi yangu askari aliniuliza na mimi nikapuliza. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukaomba ruhusa ukaenda kulala.

Tangu hapo ukaniita pappa. Nikikuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiswidi. Kanisani wazazi wenzangu walilalamika kwamba watoto wa huku ndivyo walivyo, lugha ya nyumbani wanaitupa, na mimi nilitikisa kichwa pamoja nao, ndiyo, watoto wa Ulaya hawa. Moyoni nilijua. Wa kwao walikuwa wameiacha lugha kidogo kidogo, kwa uvivu na katuni. Wewe uliiacha kwa siku moja.

Halafu ile siku ya daktari wa meno. Nilikugeukia kama kawaida unisemee, ukasema bila kukasirika, "Prata själv, pappa." Sema mwenyewe. Yule daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nikasema mwenyewe, kwa Kiswidi cha kubabaisha, na akang'oa jino ambalo sina hakika kama ndilo nililomaanisha.

Sasa nikuambie kile kipande changu. Nimekizunguka kwa kurasa zote hizi na chai imepoa.

Siku ile barabarani nilielewa swali. Mtu aliyeishi huku miaka yote ile, anayeendesha gari la mikate, hajui askari anauliza nini akiinama dirishani? Nilimwelewa kabla hujafungua mdomo. Na neno la kujibu nilikuwa nalo. Nej. Ni neno la kwanza kila mgeni hujifunza hapa, kabla hata ya asante. Ningeweza kulisema mwenyewe, uongo wangu, kwa mdomo wangu, na nikaadhibiwa nao. Nilikupa wewe kwa sababu nilijua uso wa mtoto unaaminika kuliko wangu. Nilikutumia. Jana yake nilikuwa mshenga wa watu, na asubuhi yake nikakufanya wewe mshenga wangu, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikakutuma na uongo mkononi, na ukakamatwa nao mbele ya watu wazima. Ulibaki na aibu ambayo ilikuwa yangu. Najua hukuwahi kujua kwamba niliweza kujibu. Labda miaka hii yote ulikuwa unanipunguzia kosa, ukidhani baba hakuelewa, baba aliogopa. Nisamehe, lakini sitaki uendelee kunipunguzia.

Nisamehe, Nadine.

Adhabu yenyewe iliisha mapema. Aibu ndiyo haikuisha. Nilikwenda kusafisha kiwandani Södertälje, treni ya alfajiri, nikirudi umeshatoka, na kanisani nikasema udereva niliuacha kwa sababu ya mgongo. Ulipoanza sekondari ya juu ndipo nilipopata moyo wa kuomba leseni upya. Kwanza vipimo vya damu, tena na tena, miezi inapita, kuonyesha kwamba sinywi. Nesi alikuwa msichana aliyekuzidi umri kidogo tu, alikuwa ananiambia "duktig" kila akichoma sindano, hodari, kama mtoto. Sijagusa pombe tangu Oslo, hata kwenye harusi. Nikiwa na soda yangu watu wananiita mlokole, na mimi nawaacha.

Kisha darasa la lazima juu ya pombe na uchovu barabarani. Wanafunzi wote ni vijana wa miaka kumi na minane, wananukia manukato, na mimi. Mwalimu akauliza kama kuna anayejua pombe inakaa mwilini muda gani baada ya kulala. Nikainua mkono. Nikaeleza kwa Kiswidi, polepole, juu ya sherehe, na usingizi, na chai, na mayai, na jinsi mtu anavyojihisi mzima. Wale vijana waliacha kuchezea simu zao. Mwalimu akauliza kama nilikuwa peke yangu ndani ya gari. Nikasema hapana. Akaelewa, akatupa mapumziko.

Kwenye mtihani wa nadharia waliniuliza kama nataka mkalimani. Nikasema sitaki. Nikafeli. Mara ya pili nikafeli tena. Yale maneno yao marefu ya kupisha na kupita yalinipiga kichwa. Usiku mmoja uliingia hapa jikoni kuchukua maji ukaniona nimelala juu ya kitabu. Ulizima redio, ukaacha taa. Nilikuwa macho. Nilitaka kukuita unieleze ukurasa ule, na nikajizuia, nikajisema: bwana, huyu hukumbebesha vya kutosha? Mara ya tatu nikapita. Kwenye mtihani wa barabarani mama aliyenitahini hakusema neno mpaka tuliporudi, halafu akasema "Godkänt," nimefaulu, nikamshukuru mpaka akaogopa.

Leseni ilipokuja mwanzoni mwa Aprili nilikuwekea mezani uione. Ukasema, "Grattis, pappa." Hongera. Ukala mkate wako. Na mimi mjinga nilikuwa nimejiaminisha kwamba kadi ile ikirudi, na wewe utarudi. Nilinunua gari lile kwa ajili ya kesho, nikuambie ukweli. Nilikuwa naiona safari: wewe kiti cha mbele, misitu, mimi nasimama nakununulia kahawa, na mahali fulani baada ya Sundsvall unaniambia neno kwa Kiswahili. Nilifanya mitihani yote ile nikiiona safari hiyo. Kumbe nilichokuwa narudisha ni leseni tu.

Leo mchana, baada ya betri ile, nilipanda juu nikamwambia mama yako. Kile kipande alichokuwa hajui. Alikuwa anakunja taulo zako. Hakupiga kelele, unamjua anavyopiga kelele hata kwa sufuria ikiungua, lakini leo hakupiga. Alimaliza kukunja taulo, akasema, "Ndiyo maana." Basi. Halafu akaniuliza:

"Ulimwomba msamaha?"

"Bado."

"Unangoja nini, Venansi? Treni?"

Akaenda kukaa kitandani kwako, na hapo ndipo alipo mpaka sasa. Huenda akakukumbatia kesho zaidi ya kawaida. Mwachie. Alikuwa anadhani miaka yote kwamba umemchukia yeye pia, na hakujua alikosea wapi.

Sina somo la kukupa juu ya pombe wala magari, umeshapewa. Nina jambo moja tu, nalo nalijua kwa sababu limeniumiza. Utakosea huko Umeå, kama watu wote. Siku ukikosea, na mtu akakuuliza, jibu mwenyewe, hata kwa sauti mbaya, hata ukitetemeka. Usimtafute aliye mdogo kuliko wewe akusemee. Na ukiona mtu mzima anakutazama kwa jicho la kukutuma hivyo, mwambie kama ulivyoniambia mimi kwa daktari wa meno. Ulikuwa na haki. Sikukuambia siku ile, nakuambia leo.

Halafu ile nej yako ya asubuhi. Nimekaa nayo mchana kutwa. Mwanzoni iliniuma kama nilivyokueleza, bado inaniuma, sitajifanya. Lakini nimekumbuka kwamba ile uliyomwambia askari haikuwa yako. Niliiweka mimi mdomoni mwako. Hii ya leo umeisema wewe, kwa ajili yako, umenitazama au hukunitazama, ni yako. Nimeipokea. Sitakuuliza tena, wala kesho kwenye mlango, wala Krismasi.

Gari litabaki palepale chini. Tutashuka wote watatu kwa miguu mpaka stesheni ya Hjulsta, tupande tunelbana, treni ya chini ya ardhi, mpaka Centralen, stesheni kuu, mama yako atashika mfuko wa dagaa. Begi kubwa nitalibeba mimi. Hilo tu naomba usinikatalie.

Ni mimi, baba yako